Maji Kwanza, Samaki Baadaye

Vijana wengi katika nyumba zetu hupenda kufuga samaki wa rangi ndani ya tangi la kioo, na jambo hili ni zuri. Huburudisha macho, humzoeza mtoto kushika kazi ya kila siku, na humfikirisha juu ya viumbe vya Mola wake. Lakini liko kosa moja linaloharibu furaha hii mara kwa mara, nalo ni kununua tangi na samaki siku moja. Asubuhi tangi hujazwa maji, jioni samaki hutiwa. Baada ya siku chache huonekana juu ya maji wakitweta, kisha hufa mmoja mmoja, na mtoto huambiwa kuwa siku zao zimekwisha. Ajali ni ya Mwenyezi Mungu, lakini sababu hii yajulikana, na kuizuia kumo katika uwezo wetu.

Samaki hutoa taka zake katika maji yale yale anayovutia pumzi. Taka hizo, pamoja na chakula kilichobaki, hutoa sumu iitwayo amonia, ambayo huunguza mashavu yake. Katika tangi la zamani wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, waliojishika katika changarawe na katika chujio. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, nayo pia ni sumu, kwani huizuia damu ya samaki isichukue hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, na huondolewa kwa kubadilisha maji. Tangi jipya halina vijidudu hao wa kutosha. Maji yake huonekana safi kama kioo, na kumbe samaki atiwaye humo hutiwa katika sumu yake mwenyewe.

Sisi tulioko Unguja yatupasa kuzidisha hadhari. Kisiwa chetu kimejengeka kwa mawe ya matumbawe, na maji yake mengi yana chokaa. Amonia huwa kali zaidi katika maji ya chokaa na ya vuguvugu, na maji ya vuguvugu nayo huchukua hewa kidogo kuliko ya baridi.

Basi aanze mtu kwa kuchagua mahali. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita mia ni kilo mia, bila ya kuhesabu kioo na changarawe. Katika nyumba za Mji Mkongwe, ambazo dari zake zimelazwa juu ya boriti, tangi kubwa lisiwekwe ghorofani katikati ya chumba. Liwekwe chini, au karibu na ukuta mnene. Lisikae dirishani penye jua, kwani maji yatapata moto na kuota ukijani. Lioshwe kwa maji matupu, wala lisiguswe na sabuni.

Maji ya mfereji yakiwa yametiwa klorini, yaachwe siku nzima katika ndoo iliyo wazi kabla ya kutumiwa, kwani klorini huwaua samaki na vijidudu pia. Maji ya kisima cha karibu na pwani yaonjwe kwanza, huenda yakawa na chumvi.

Tangi likishajazwa, chujio liwashwe mchana na usiku, na kila siku kitiwe chakula kidogo sana cha samaki, ingawa samaki hawamo. Chakula hicho kitaoza na kuwalisha vijidudu. Mwenye rafiki aliye na tangi la siku nyingi, lenye samaki wazima, na aombe kipande cha sifongo cha chujio lake, kwani hicho ni mbegu. Maji yapimwe kwa dawa ya matone. Amonia itapanda, kisha itashuka na nitriti kupanda. Zote mbili zikitoweka kabisa, hali chakula kingali kikitiwa, tangi limekuwa tayari. Kazi hii huchukua kadiri ya wiki nne mpaka sita. Hapo sehemu kubwa ya maji ibadilishwe, kisha watiwe samaki wawili watatu tu, na wengine wangoje.

Atakayeona muda huu ni mrefu, na amtazame samaki wa Unguja mwenyewe, yule aitwaye na wataalamu Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa katika elimu mwaka 1893. Dume lake lina mkia mwekundu, na wafugaji wa nchi za mbali humpenda. Huyu huishi katika madimbwi yanayokauka. Mayai yake hubaki katika tope kavu miezi kwa miezi, na hayaanguliwi mpaka mvua ije ilijaze dimbwi. Na kwa ajili ya huyu, samaki wa kigeni wasimwagwe kamwe katika madimbwi na mito yetu.

Jingine ni umeme. Wakaazi wa Unguja hawajasahau miezi mitatu ya giza, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010. Chujio likizimika kwa saa nyingi, hewa hupungua na vijidudu hufa. Kwa hiyo samaki wawe wachache, na majani ya majini yawe mengi. Umeme ukikatika, chakula kisitiwe, na maji yatekwe kwa kikombe na kumiminwa tena humo, ili yapate hewa.

Mtume wetu (s.a.w.) alitueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Samaki wa baharini akiona maji mabaya huhama, lakini wa tangini hana pa kuhamia. Aliyemtia humo ndiye mwenye amana yake. Basi enyi wazazi, mtoto akiomba samaki, mnunulieni tangi mwezi huu, na samaki mwezi ujao maji yakiwa tayari.