Jinsi Tope Linavyobeba Mawe

Wasomaji wa Mbulu na Hanang hawana haja ya kukumbushwa alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023. Baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliyolowa maji ilimeguka ikageuka tope, nalo likashuka mpaka Gendabi na mji wa Katesh, likichukua mawe na magogo. Watu zaidi ya 80 walikufa. Wengi huuliza: mawe yasiyosogezwa na watu kumi yalibebwaje?

Jibu lake ni hesabu. Kitu kilichozama hupungukiwa uzito, kadiri ya uzito wa maji au tope lililoondoshwa mahali pake. Haya aliyaeleza Archimedes, Myunani, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Twaa jiwe la mita moja kila upande, lenye kilo 2,700. Maji ya nafasi ile ni kilo 1,000. Basi ndani ya maji jiwe hubaki na kilo 1,700. Lakini tope zito la nafasi ile laweza kufika kilo 2,000, na humo jiwe halibaki ila na kilo 700. (Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto kwa jiwe, kamba na ndoo mbili, moja ya maji na moja ya tope.)

Tena jiwe nalo hulisukuma tope, na hapo ndipo penye ugumu. Kanuni za mwendo wa maji ziliandikwa na Navier, Mfaransa, mwaka 1822, na Stokes akazieleza upya mwaka 1845. Katika mfereji ukingo umetulia, na mwenye kuhesabu aujua tangu mwanzo. Bali jiwe liendapo, ukingo wa tope huenda nalo. Hapana budi kutafuta mwendo wa vyote viwili pamoja, maana kimoja hakijulikani pasipo kingine.

Je, mwendo huo waweza kutawaliwa kwa kutia nguvu mahali pamoja tu? Mabingwa wa hesabu wamethibitisha kwamba yawezekana kwa kitu kimoja ndani ya maji yaliyofungiwa, ila kwa sharti kwamba mwendo wa kwanza uwe mdogo. Korongo la mlima halimo katika sharti hilo.

Wajapani hufanya kwa njia nyingine. Husimamisha mabomba ya chuma katika makorongo, yenye nafasi kati yake: mawe makubwa na magogo hunaswa, maji hupita, na tope lililopokonywa mawe yake hupungua nguvu za kubomoa. Kazi kubwa hufuata baadaye, nayo ni kuyazoa mawe yale, kwani zuio likijaa, mawe ya safari ya pili yatapita juu yake.