Kawia Ufike: Ndege na Milima ya Mau

Mtu wa Sigor aendaye Nairobi kwa gari hutumia saa nyingi njiani. Ndege ndogo huweza kuikata safari kama hiyo kwa muda usiozidi saa moja. Lakini njia hiyo fupi ina hatari asizozijua mwenye gari.

Baina ya Nairobi na nchi ya chai ya Kericho na Bomet liko Bonde la Ufa, na ng'ambo yake imesimama safu ya Mau, ambayo sehemu zake za juu kabisa hufika futi 10,000. Kila mpishi wa Kericho ajua ya kuwa maharagwe huchelewa kuiva huko kuliko Mombasa, kwa kuwa hewa ya mlimani ni nyepesi. Hewa hiyo hiyo huipunguzia injini nguvu, na mabawa hayapati mahali pa kuegemea. Kwa hiyo ndege iliyojaa mizigo huhitaji kiwanja kirefu zaidi, na baada ya kuruka hupanda polepole. Jua likiwa kali, shida huzidi.

Tena, alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda hizo ukaleta mawingu mazito, na mara nyingi mvua ya mawe iharibuyo majani ya chai. Ndiyo sababu rubani mwenye busara husafiri asubuhi, hupunguza mizigo, na huukabili mlima kwa upande, ili apate nafasi ya kugeuka.

Tarehe 10 Juni 2008, ndege aina ya Cessna 210 iliyotoka Nairobi kwenda Kericho ilianguka katika nchi ya Narok. Wote 4 waliokuwamo walikufa, miongoni mwao Bwana Kipkalya Kones, Waziri wa Barabara na Mbunge wa Bomet, na Bibi Lorna Laboso, Waziri Msaidizi na Mbunge wa Sotik. Tarehe 5 Juni 2018, ndege ya abiria kutoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare, wakafa watu 10.

Basi abiria akiambiwa kwamba safari imeahirishwa kwa sababu ya mawingu, asinung'unike wala asimshurutishe rubani. Rubani arudiye alikotoka hakushindwa kazi yake, ameitimiza. Wazee walisema: kawia ufike.