Govi Lililobana: Msilivute kwa Nguvu

Ndugu zetu, baba na mama, kuna ugonjwa ambao watu wanauficha kwa haya mpaka unakuwa mkubwa. Govi, yaani ngozi inayofunika kichwa cha uume, linabana lisiweze kurudi nyuma. Mungu aliumba kiungo hiki kama alivyoumba jicho na sikio. Basi tuseme habari zake wazi.

MTOTO MDOGO. Mtoto mwanamume anapozaliwa, govi lake limeshikamana na kichwa cha uume. Huu si ugonjwa. Linaachana polepole lenyewe: kwa wengine katika miaka ya kwanza, kwa wengine mpaka wanapobalehe. Mama wengine wanalivuta wanapomwogesha mtoto. Ngozi inapasuka, inatoka damu, kisha inapona na kovu. Kovu halinyooki, ndilo linalofunga govi kweli. Osheni nje tu kwa maji. Kijana ambaye govi lake linarudi, aoshe ndani, kisha arudishe ngozi mbele.

MTU MZIMA. Govi lililokuwa likirudi vizuri likianza kubana, kuna sababu:

1. Kuvimba mara kwa mara kwa sababu ya vijidudu au uchafu. Kunaweza kuacha kovu.

2. Ugonjwa wa sukari. Mkojo wenye sukari unalisha kuvu, ngozi inawasha na kupasuka. Wengine wanajua wana sukari kwa njia hii tu. Kwa hiyo tunapima mkojo na damu.

3. Ugonjwa unaofanya ngozi kuwa nyeupe na ngumu. Hauambukizi, wala si laana, wala mke hana kosa.

NJONI SIKU ILE ILE ikiwa mkojo hautoki, au govi limekwama nyuma na kichwa cha uume kinavimba. Kidonda au uvimbe usiopona chini ya govi pia usingojewe, maana pengine ni kansa.

DAWA IKO. Wengi wanapona kwa dawa ya kupaka majuma machache. Wengine wanahitaji kutahiriwa hospitalini, kwa dawa ya kuzuia maumivu na vyombo safi, si kwa wembe wa kijijini. Hapa hatusemi habari za desturi wala wokovu, kwa maana kutahiriwa hakumwokoi mtu. Tunasema habari za afya.

Baba, usiache haya ikuzuie. Mganga ameona wengi kama wewe, naye anatunza siri.