Lubumbashi: K moja haitoshi kuandika "kuku"

Jumamosi jioni, komini ya Kenya (ya hapa Lubumbashi, si ile nchi), marafiki watano wamezunguka meza ya plastiki. Wanacheza karata walizokata wenyewe kutoka maboksi ya sabuni, kila moja ikiwa na herufi iliyoandikwa kwa kalamu. Kila mchezaji hupewa saba na kuunda neno la Kiswahili.

Mwanzo walijaribu Scrabble ya Kifaransa. Ina vipande 102, na 15 kati yake ni E. Lakini K, W, Y na Z zimo moja moja tu, kila moja pointi 10. Si ajabu: Mmarekani Alfred Butts, aliyebuni mchezo huo miaka ya 1930, alipanga herufi kwa kuzihesabu magazetini, na sanduku la Kifaransa linafuata Kifaransa. Kwa Kiswahili ni balaa. "Kazi" inakupa pointi 22 bila jasho, ila "kuku" huiandiki bila kipande kitupu, na Q inakuozea mkononi.

Ndipo wakachukua mkasi. K zikaongezwa, Q ikafutwa, kila karata ikawa pointi moja.

Ugomvi haukwisha. Kwenye sanduku la Kifaransa, "watu" ilileta 13 na "batu" ya nyumbani 6, basi wote wakageuka wasomi wa Swahili bora. Kwa karata za maboksi mambo yamepinduka: "mtu" ni tatu, "muntu" ni tano, "vitu" ni nne, "bintu" ni tano. Mdogo wao, anayesoma chuo, hukataa katakata na kudai kamusi. Yaya wake humuuliza mama yao anaongea lugha gani.

Swali si la mchezo tu. Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, bila kusema ni kipi. Na Kiswahili cha hapa kimeandikwa zamani: mwaka 1965 André Yav aliandika nacho historia ya mji huu, ukiitwa bado Elisabethville. Kwa maoni yangu, yaya ana hoja.

Sasa wanapiga kura kwa kila neno lenye ubishi. Jumamosi hii "bintu" imepita, tatu kwa mbili. Mdogo ameomba kura irudiwe.