Kiongozi Aliye Karibu na Mungu



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo linalomhusu kila mtu, awe Mwislamu au Mkristo, mzee au mwanafunzi. Katika kila kijiji yuko mtu anayewatangulia wenzake katika mambo ya Mungu. Tukifiwa twamwita yeye. Mtoto akizaliwa twamwita yeye. Ndugu wakigombana juu ya shamba, shauri hufika kwake. Basi si jambo dogo kujua ni mtu wa namna gani, maana kiongozi wa dini akipotea njia, hapotei peke yake.

Watu wengi humpima kiongozi kwa mambo yanayoonekana upesi. Hutazama sauti yake, mavazi yake, na wingi wa watu wanaomfuata. Wengine humwamini kwa sababu yeye mwenyewe hudai kwamba Mungu humfunulia siri wasizofunuliwa wengine. Lakini wenye hekima wa dini zote mbili wamefundisha kipimo kingine: kadiri mtu anavyomkaribia Mungu, ndivyo anavyozidi kujiona mdogo. Mwenye kujikuza bado yuko mbali, hata kama anasimama mbele ya safu.

Kwa nini iwe hivyo? Sisi tukaao pwani ya Ziwa Tanganyika tunao mfano karibu. Mtu aliyeketi barazani kwake Ujiji, akiliangalia ziwa asubuhi maji yakiwa shwari, aweza kusema, "Maji haya nayajua." Lakini waulizeni wavuvi wanaotoka usiku wa giza, na taa zao, kutafuta dagaa na migebuka. Katika miezi ya kiangazi, upepo wa kusini unapovuma kwa nguvu na mawimbi yakainuka, mvuvi hatamki maneno ya kujivuna. Yeye ndiye aliye ndani ya ziwa, na kwa hiyo ndiye ajuaye ukubwa wake. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na kilindi chake chapita meta 1,400. Aliye ukingoni huona maji ya juu tu. Vivyo hivyo, amjuaye Mungu kwa mbali huweza kujisifu, lakini aliyemkaribia hushikwa na kicho.

Tena tazameni jinsi ziwa lilivyopata kuwa kubwa. Mto Malagarasi watoka katika nchi za juu, na mto Luiche vile vile, na yote hushuka ikamwaga maji yake ziwani, kwa sababu ziwa liko chini kuliko nchi zilizolizunguka. Wala ziwa haliyafungi yote ndani yake. Upande wa Kongo, mto Lukuga huyatoa maji na kuyapeleka mbele kwa watu wengine. Kiongozi mnyenyekevu yu vivyo hivyo. Hupokea kwa sababu amekaa chini, kisha hutoa kwa sababu alichopokea si mali yake.

Mambo haya si mifano tu. Yako katika historia ya nchi yetu, na leo twapenda kuwakumbusha watu wawili walioyaonyesha kwa maisha yao. Wote wawili walikuwa watumwa.

Ninyi wa Ujiji mwajua habari za misafara ya zamani. Katika karne ya 19 Ujiji ulikuwa mji mkubwa wa biashara, na njia ya kwenda pwani ilikuwa safari ya miezi mingi kwa miguu, kupitia Tabora hata Bagamoyo. Katika njia hiyo zilipita pembe za ndovu, na walipita watu waliofungwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, lakini utumwa wenyewe haukufutwa kabisa kwa sheria katika Tanganyika mpaka mwaka wa 1922. Mtu aliyekuwa mtumwa alikuwa amepimwa bei kama mtu apimavyo nguo. Ni rahisi kufahamu kama mtu wa namna hiyo, akiisha kupata cheo, angetaka kulipwa heshima yote aliyonyimwa. Hapo ndipo penye jaribu kubwa, na ndiyo sababu tumewachagua hao wawili.

Wa kwanza ni Adrien Atiman. Alizaliwa mwaka wa 1866 hivi, mbali sana na kwetu, katika nchi za mto Niger huko Afrika ya Magharibi. Alikamatwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, na mwaka wa 1876 mapadre wa shirika la White Fathers wakamkomboa kwa fedha katika nchi ya Aljeria. Wakamsomesha, kisha wakampeleka kisiwa cha Malta, naye akajifunza utabibu huko tangu 1881 hata 1888. Fikirini, wasikilizaji, jinsi ilivyokuwa tunu kwa Mwafrika wa siku zile kuwa na elimu ya daktari wa Ulaya. Angeweza kutafuta mji mkubwa wa kukaa. Lakini yeye alikubali kuja kwetu, akapanda kutoka pwani pamoja na msafara, na mwaka wa 1889 akafika Karema, kusini ya Kigoma katika pwani hii hii ya ziwa, mahali palipo leo katika Mkoa wa Katavi.

Akaoa mke wa nchi ile, akajenga nyumba, akawa tabibu na katekista, yaani mwalimu wa dini kwa watu wa vijijini. Hakuwa padre, wala hakuwa askofu. Katika Kanisa katekista hukaa chini ya padre. Hufundisha watoto na watu wazima maneno ya kwanza ya imani, huwatazama wagonjwa, na husalisha watu padre asipokuwapo. Mtoto wa Atiman ndiye aliyepata kuwa padre. Basi baba, mwenye elimu yote ile na umri ule, katika Kanisa alikaa chini ya cheo cha mwanawe mwenyewe.

Atiman alikaa Karema tangu 1889 mpaka alipokufa mwaka wa 1956. Hiyo ni miaka 67. Katika muda huo nchi ilipita mikononi mwa Wadachi, kisha Waingereza. Vita vikuu viwili vikaja vikapita. Yeye alikuwa bado anaosha vidonda vya watu. Heshima za Kanisa na za Serikali zilimfuata huko huko aliko, naye hakukiacha kijiji chake ili azifuate. Mtu aliyekombolewa kwa fedha alijitia mwenyewe katika utumishi, kwa hiari yake. Katika jambo hili twajifunza kwamba unyenyekevu si udhaifu, wala si kujidharau. Mtumwa hutumika kwa sababu analazimishwa. Mnyenyekevu hutumika ingawa angeweza kukataa.

Wa pili ni Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wengi wamjua kwa jina la Sheikh Ramiya wa Bagamoyo. Huyu alizaliwa upande wa pili wa ziwa letu, katika nchi ya Kongo ya mashariki. Alichukuliwa akiwa mtoto, akafikishwa pwani, akawa mtumwa katika nyumba ya Mwarabu mmoja tajiri wa Bagamoyo. Baadaye akawa huru. Akajifunza Kurani na elimu ya dini, akafundisha wengine, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, ambayo wafuasi wake ni wengi katika Ujiji mpaka leo. Katika mji ambao zamani watu walihesabiana sana nasaba, yule aliyekuwa mtumwa akawa sheikh aliye mashuhuri kuliko wote. Alifariki mwaka wa 1931, na mwanawe Sheikh Muhammad akaishika kazi yake. Maulidi ya Bagamoyo yaliyoanzishwa katika nyumba hiyo yalikusanya maelfu ya watu kutoka pande zote za nchi.

Tena tarika hiyo ina somo juu ya haya tunayoyasema. Katika Kadiria mtu hawezi kujifanya khalifa kwa neno lake mwenyewe. Lazima apewe ijaza na mwalimu wake, naye mwalimu alipewa na mwalimu wake, na hivyo hivyo mpaka kumfikia Sheikh Abdul Kadir al-Jilani wa Baghdad, aliyefariki mwaka wa 1166. Mlolongo huo huitwa silsila. Maana yake ni kwamba kila kiongozi ni mwanafunzi wa mtu, na amana aliyo nayo aliikuta. Tena katika dhikri watu hukaa au husimama pamoja, bega kwa bega, wakitaja jina la Mungu mmoja. Mwana wa tajiri na mjukuu wa mtumwa hutoa pumzi moja. Si ajabu basi kama wengi waliodharauliwa na dunia waliingia humo, wakaona ya kwamba mbele ya Mungu wana mahali.

Sasa, wasikilizaji, tukitazama vizuri tutaona kwamba dini zetu zimekwisha kumwekea kiongozi mahali pa kujishusha, ili asipate kusahau. Imamu husimama mbele, lakini yeye pia huweka paji la uso chini kama mtu wa safu ya mwisho. Na Waislamu wamefundishwa kwamba mja hawi karibu na Mola wake kama anavyokuwa akiwa katika sijida. Tena imamu akikosea katika sala, maamuma walio nyuma yake wana ruhusa kumkumbusha, naye hana budi kurudi katika haki. Na padre naye, siku ya kuwekewa mikono, hulala kifudifudi sakafuni. Kwa kawaida huanza misa kwa kukiri makosa yake pamoja na watu wake. Na Alhamisi Kuu huwaosha watu miguu, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake. Mtume Muhammad naye yasimuliwa kwamba alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na kusaidia kazi za nyumbani kwake.

Basi swali kubwa si kama kiongozi huinama msikitini au kanisani, kwa kuwa huko wote huinama. Swali ni kama huinama tena akiisha kutoka nje. Ni rahisi kuinama mbele ya Mungu asiyeonekana, kisha kumpita mjane mlangoni bila ya kumwitikia salamu.

Kwa hiyo twawapeni alama tatu za kutazama. Ya kwanza, kiongozi aliye karibu na Mungu hukubali kukumbushwa. Akiambiwa na mtu mdogo, "Hapa umekosea," husikiliza kwanza, wala hamtishi kwa laana. Ya pili, hufanya kazi isiyokuwa na sifa. Katika mtumbwi, nahodha mwema hashiki kasia la uongozi tu. Maji yakiingia, naye huyachota akayamwaga pamoja na vijana wake. Ya tatu, hafanyi bei ya Mungu. Ajivunaye kwamba dua yake ina nguvu kuliko za wengine, akataka mbuzi au fedha kabla ya kumwombea mgonjwa, amekwisha kugeuza amana kuwa duka. Huenda nanyi mmepata kuona mambo hayo, na mmeona mwisho wake: watu hutawanyika, na wengine huichukia dini yenyewe kwa ajili ya kosa la mtu mmoja.

Lakini tujihadhari na jambo moja. Uko unyenyekevu wa uongo. Mtu aweza kuvaa nguo kuukuu na kusema kwa sauti ya chini, na moyoni anangoja asifiwe kwa sababu hiyo. Huyo hutambulikana siku anaposahauliwa: watu wakimwacha nyuma katika karamu, hasira humtoka. Mnyenyekevu wa kweli hakuweka moyo wake katika kiti cha mbele, kwa hiyo hana cha kunyang'anywa. Utazameni mpunga katika bonde la Luiche. Shuke lililo tupu husimama wima. Lililojaa huinamisha kichwa, wala halijui kama linatazamwa.

Nanyi wanafunzi, msidhani kwamba maneno haya ni ya masheikh na mapadre tu. Yule ajuaye kusoma katika nyumba ya wasiojua kusoma amekwisha kuwa kiongozi. Bibi akikuletea barua umsomee, waweza kuisoma kwa majivuno, ukamwaibisha. Au waweza kuketi karibu naye mkekani, ukamsomea polepole mpaka aridhike. Elimu ni ile ile, ila katika njia ya pili yeye hupata habari zake pamoja na heshima yake.

Atiman amelala Karema, kando ya ziwa. Sheikh Ramiya amelala Bagamoyo, kando ya bahari. Imani zao zilikuwa mbalimbali, na hatukusudii kuzichanganya. Lakini wote wawili walitolewa kwao wakiwa watoto, kwa mikono ya watu waliojiona wakubwa, nao walipopata kuwa wakubwa walitumia ukubwa wao kufundisha na kuponya. Mkimtafuta mtu wa kuwaongoza, mtafuteni wa namna hiyo. Na mkiwekwa ninyi mbele ya watu, kumbukeni mahali maji yanapokusanyika.