UZI: "Tutakuza vipaji." Sawa, na mkataba je?

1. Kila msimu wa siasa hapa Kwale, ahadi hii haikosi jukwaani: "Tutakuza vipaji vya vijana wetu." Juzi pale Ukunda msichana mmoja alipewa maikrofoni akauliza, "Na sisi tunaoigiza, mtatulinda vipi?" Akajibiwa ajiheshimu na achunge maadili. Watu wakapiga makofi. Mimi nilirudi nyumbani na hasira, nikaona bora tuelezane. Sheria ya nyuzi zangu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa wala chama.

2. Hoja yangu ni hii. Mwigizaji mwanamke mweusi ana shida nyingi, lakini nyingi zinatoka mahali pamoja: hawezi kusema "hapana" bila kupoteza kazi. Kipaji hakimpi nguvu hiyo. Karatasi iliyotiwa sahihi inampa, angalau kidogo.

3. Tuanze na nani anaonekana. Wageni wameipenda sana pwani yetu kwenye filamu. Kuna The White Masai (2005), kutokana na kitabu cha Mswisi Corinne Hofmann. Kuna Paradise: Love (2012), ya Austria. Zote mbili, mwanamke Mzungu anakuja likizo, anakutana na kijana mweusi, na hadithi inakuwa ya huyo Mzungu. Bahari yetu, kijana wetu. Mwanamke mweusi? Yuko pembeni. Rudi nyuma hadi Out of Africa (1985), iliyopigwa hapa Kenya: Iman, mzaliwa wa Somalia, tayari alikuwa mwanamitindo wa kimataifa, ila alipewa nafasi ndogo tu.

4. Mtu ataniambia, "Mbona Lupita alifaulu?" Ndiyo, alipata Oscar mwaka 2014, kwa kuigiza mtumwa katika 12 Years a Slave. Mwaka 2025 alieleza hadharani kwamba baada ya ushindi huo aliletewa kazi za kuigiza watumwa tena, moja ikiwa ndani ya meli ya watumwa. Akaamua kutozikubali zinazomrudisha palepale. Yeye aliweza kukataa. Hapo ndipo penye somo.

5. Sasa linganisha na rafiki yangu wa Msambweni. Mwaka jana aliitwa Diani kucheza tangazo la hoteli, akaambiwa atakuwa mgeni anayekunywa madafu ufuoni. Kufika, akapewa sinia abebe. Nafasi ya mgeni imeenda kwa msichana wa rangi ya thao. Hakuna karatasi aliyotia sahihi. Alibeba sinia siku nzima, kwa sababu nauli ya kurudi kwao ingetoka kwenye malipo yaleyale.

6. Kwa hivyo tusimsingizie Mzungu peke yake. Ubaguzi wa ngozi tunao wenyewe. Hata umaarufu haukingi: mwaka 2017 Lupita alilalamika baada ya jarida la Grazia la Uingereza kuhariri nywele zake kwenye picha ya jalada ili zionekane laini. Kama ya kwake inahaririwa bila kuulizwa, ya msichana wa Msambweni je?

7. Tuseme ukweli pia: kuna hatua. Tamthilia kama Maria na Sultana za Citizen TV zimeweka wanawake weusi mbele, tena kwa Kiswahili. Sultana imetupa maisha ya Pwani na msichana asiyeona kama mhusika mkuu. Watazamaji wapo. Tatizo si soko peke yake.

8. Twende kwenye sheria, maana huku ndiko mijadala yetu haifiki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 9, inataka mkataba wa ajira wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Mwigizaji akiitwa siku nne, haingii hapo. Kifungu cha 6 kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atoe sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Kampuni ndogo ya filamu yenye watu sita wa kudumu? Halazimiki. Unyanyasaji unabaki kosa, lakini hakuna utaratibu kazini unaomwambia msichana aende kwa nani.

9. Sasa angalia upande wa pili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, iliyotungwa 1962, inataka anayeomba leseni ya kupiga filamu apeleke maelezo ya matukio na maneno yote yatakayosemwa. Yaani serikali inataka kusoma kila neno litakalotoka kinywani mwa yule dada. Kifungu hicho hakiulizi kama amepewa mkataba. Maadili ya hadithi yanalindwa kabla ya mwili wa anayeiigiza.

10. "Ukidai mikataba utafukuza maprodusa." Nimeisikia hii. Maprodusa wengi wa kwetu kweli hawana pesa, na siwalaumu kwa hilo. Ila karatasi moja yenye nafasi utakayoigiza, malipo, saa za kazi na matukio uliyokubali haigharimu chochote. Kule Marekani, mwigizaji wa chama cha SAG-AFTRA hapigwi picha akiwa uchi bila idhini yake ya maandishi. Mwaka 2023 chama hicho kiligoma siku 118. Filamu hazikufa. Waliorudi kazini walirudi na mkataba bora.

11. Umuulize nani? Sheria za kazi ni za kitaifa, kwa hivyo hilo ni swali la mbunge na seneta. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti burudani za umma, kumbi za sinema na fuo. Kwa hivyo mgombea ugavana au uwakilishi wa wadi asikwambie "hayo ni ya Nairobi." Kaunti inaweza kuanza na shughuli inazolipia yenyewe: matangazo ya utalii, video za kampeni za afya. Hakuna mkataba wa mwigizaji, hakuna malipo kwa kampuni.

12. Mkutano ujao, beba maswali matatu. Je, mwigizaji wa siku moja atapata mkataba wa maandishi? Akinyanyaswa, ataripoti kwa nani, na jina hilo litabandikwa wapi? Pesa ya kaunti ikilipia tangazo, nani atahakikisha waliocheza wamelipwa?

13. Akikujibu "vijana wajiheshimu," usipige makofi. Yule msichana wa Ukunda hakuuliza kuhusu heshima. Aliuliza kuhusu kazi. Mwisho wa uzi. Kama ulishawahi kubeba sinia badala ya madafu, tuandikie hapo chini.