KAMBA YA MTUTU: KIFAA KIDOGO CHENYE DHAMANA KUBWA

Katika vifaa vyote anavyokabidhiwa askari siku anapopewa bunduki, hakuna kinachodharauliwa kama kamba ya kusafishia mtutu. Bunduki huandikwa namba yake katika daftari, risasi huhesabiwa moja moja, na hata kofia ikipotea mwenyewe huulizwa. Lakini kamba hiyo, yenye kipande cha shaba upande mmoja na vitanzi vyake upande wa pili, hukunjwa ovyo na kutiwa mfukoni pamoja na funguo na tumbaku. Wengine huifungia mzigo, wengine huianikia soksi. Siku inapokatika ndani ya mtutu ndipo thamani yake hujulikana, na mara nyingi siku hiyo huwa wakati umekwisha pita.

Makala haya yanawahusu askari wa jeshi na wa polisi, hasa wale wanaofanya kazi Gitega na Muyinga. Neno letu ni moja: anayetunza bunduki bila kuitunza kamba ni sawa na mganga anayefunga kidonda kwa kitambaa kichafu. Nia yake ni njema, lakini mkono wake unaleta ugonjwa.

MTUTU HUCHAFUKA KWA NAMNA GANI?

Ndani ya mtutu si laini kama ndani ya bomba la maji. Mtutu wa FAL, bunduki iliyobuniwa Ubelgiji, na ule wa Kalashnikov, iliyobuniwa Urusi, una mifereji minne inayozunguka kuelekea kulia. Mifereji hiyo ndiyo inayoizungusha risasi ili iende moja kwa moja bila kuyumba. Kila risasi inayopita huacha nyuma masizi ya baruti na chembe ndogo za madini yaliyoifunika. Uchafu huo ukiachwa hushikana na unyevu, kutu huanza, na kutu hula kingo za mifereji. Mfereji uliolika haurudi. Hakuna mafuta wala fundi awezaye kuurudishia chuma chake.

Adui mwingine ni chumvi. Fataki za risasi za zamani zilitengenezwa kwa klorati ya potasiamu, ambayo ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta maji kutoka hewani, na kwa usiku mmoja tu wenye ukungu mtutu unaweza kuanza kubadilika rangi. Mafuta hayaiyeyushi chumvi, bali huifunika tu, kama mtu anayefunika moto kwa majani makavu. Dawa yake ni maji. Ndiyo maana wakongwe walimimina maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha vizuri, na mwishowe wakaupaka mafuta. Risasi nyingi za kisasa hazina fataki za namna hiyo, lakini katika Afrika bado zimo risasi zilizotengenezwa zamani. Askari asiyejua asili ya risasi alizopiga na afanye kana kwamba zina chumvi. Maji ya moto hayana gharama.

MVUA YA GITEGA NA VUMBI LA MUYINGA

Gitega uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na Muyinga nao umejengwa juu ya milima. Mvua huanza kunyesha mnamo Septemba au Oktoba na kuendelea mpaka Mei, ikipumzika kidogo tu mwanzoni mwa mwaka. Alfajiri ni za baridi. Askari anayetoka lindoni katika baridi hiyo na kuingia katika chumba chenye joto ataona chuma cha bunduki yake kinatoka jasho. Nje ataliona jasho hilo na kulifuta. Ndani ya mtutu halioni.

Kuanzia Juni hadi Agosti mambo hugeuka. Njia zisizo na lami hutoa vumbi jekundu linaloingia kila mahali: puani, katika chakula, katika magazini na katika mtutu. Askari wa doria upande wa Muyinga, na polisi wanaolinda njia ya kwenda mpakani Kobero ambako malori ya Tanzania hupita, wanalijua vumbi hilo vizuri. Si unga laini. Ndani yake zimo chembe ngumu za mchanga zinazokwaruza chuma.

Hapa polisi wasijidanganye. Askari polisi aweza kumaliza mwaka mzima bila kupiga hata risasi moja, akadhani kwamba mtutu wake ni safi kwa sababu haukupitisha baruti. Lakini kutu haihitaji baruti. Inahitaji unyevu na usahaulifu, basi. Tena bunduki ya polisi huwa katikati ya raia, mahali ambapo risasi ikipotoka kidogo tu humpata asiyehusika. Mtutu uliolika huitawanya risasi, na mwenye kubeba lawama si mtutu.

Askari wetu waliopelekwa Mogadishu kuanzia Desemba 2007, katika jeshi la Umoja wa Afrika la kulinda amani Somalia, waliingia katika mazingira mengine kabisa. Walitoka milimani wakafika pwani, ambako upepo wenyewe hubeba chumvi ya bahari na mchanga pamoja. Usafi uliotosha nyumbani hautoshi mahali kama pale. Aliyezoea kuisafisha bunduki yake vizuri Gitega ana msingi wa kujilinda popote atakapopelekwa.

HISTORIA INATUFUNDISHA NINI?

Mji wa Gitega umeona bunduki za namna nyingi. Mwaka 1912 Wajerumani walihamisha makao yao ya utawala kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, wakayaleta Gitega. Wengi wa askari wao wa Afrika Mashariki walikuwa bado wanatumia bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyopiga kwa baruti nyeusi. Baruti hiyo huacha masizi mazito yanayovuta unyevu, hivyo usafi ulikuwa kazi ya lazima baada ya kila mapigano. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yaliiteka nchi, na kwa njia ya Ubelgiji ndiyo baadaye tukaijua FAL, iliyotengenezwa na kiwanda cha FN huko Herstal.

Kwa upande wa Waingereza, askari wa King's African Rifles walibeba bunduki ya Lee-Enfield. Ndani ya kitako chake palikuwa na tundu lenye kichupa cha mafuta na kamba ya mtutu. Kamba ile ilitengenezwa kwa akili. Ncha yake ilikuwa na kipande cha shaba chenye uzito, ili ishuke yenyewe ndani ya mtutu bila kuukwaruza. Ilikuwa na vitanzi vitatu: kimoja cha kitambaa cha inchi 4 kwa 2, kimoja cha wavu wa waya wa kuondolea uchafu mgumu, na cha mwisho kwa ajili ya fundi wa silaha, ili aweze kuirudisha nyuma kamba ikikwama. Mwaka 1944 askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kuelewana, walipita katika Bonde la Kabaw huko Burma wakati wa mvua kubwa na matope. Katika hali ile kamba na kichupa cha mafuta vilikuwa sehemu ya silaha, kama risasi zenyewe.

Wajerumani nao, mwaka 1934, waliwapa askari wao kikopo cha bati chenye mnyororo mwembamba wa alumini badala ya kamba, pamoja na burashi na mafuta. Mnyororo hauozi wala haunyonyi maji. Mtindo huo wa mnyororo ukaja kutumika hata kwa bunduki ya G3, iliyoenea katika nchi nyingi za Afrika.

Lakini fundisho lililo kubwa kuliko yote latoka Vietnam. Katika miaka ya 1965 na 1966 Marekani iliwagawia askari wake kwa wingi bunduki mpya ya M16. Wengine waliambiwa kwamba bunduki hiyo haihitaji usafi mwingi, na vifaa vya kuisafishia havikuwatosha. Maganda ya risasi yakaanza kukwama katika chemba. Askari walikutwa wamekufa kando ya bunduki zao zilizofunguliwa, wakiwa katika kujaribu kulitoa ganda lililokwama. Mwaka 1967 kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilichunguza jambo hilo. Sababu hazikuwa moja. Aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa, chemba haikuwa imepakwa kromu, na askari hawakuwa na vifaa wala mafunzo ya usafi ya kutosha. Ikabidi chemba ipakwe kromu, vifaa vya usafi vigawiwe, na kitabu cha mafunzo chenye picha za katuni za Will Eisner kichapishwe. Taifa tajiri lenye viwanda vikubwa lilipoteza vijana wake, na sehemu ya sababu ilikuwa kukosa fimbo, burashi na vitambaa.

KAMBA MBAYA HULA MTUTU

Kuna jambo ambalo askari wengi hawalijui: kamba yenyewe inaweza kuuharibu mtutu inaoutunza. Kamba iliyoangushwa chini hushika mchanga. Ikivutwa ndani ya mtutu inakuwa kama msasa. Ikivutwa kwa pembeni, askari akiwa ameketi na bunduki magotini, inajisugua upande mmoja wa mdomo wa mtutu. Siku baada ya siku pale pale panalika, na mdomo wa mtutu ndio wa mwisho kuigusa risasi kabla haijaenda zake. Ukilika upande mmoja, risasi huenda kombo hata kama mlengaji ni hodari.

Hatari kubwa zaidi ni kamba kukatika pamoja na kitambaa ndani. Hapo wengi hufanya mambo mawili ya kijinga. Wa kwanza huifunga kamba ya pili na kuwaita wenzake wavute kwa nguvu, na kitambaa huzidi kukaza. Wa pili hutia risasi ili kitambaa kitolewe kwa mlipuko. Huyo anacheza na mauti, kwa maana mtutu ulioziba unaweza kupasuka karibu na uso wake. Lililo sahihi ni moja tu: bunduki iwekwe kando bila risasi, kiongozi aarifiwe, na fundi wa silaha aitwe.

NAMNA YA KUITUNZA

Kabla ya yote, toa magazini, fungua bolti na uitazame chemba kwa macho yako mwenyewe. Wako watu waliouawa na bunduki iliyokuwa ikisafishwa, eti haina risasi.

Ipitishe kamba yote katikati ya vidole vyako, polepole, tangu mwanzo mpaka mwisho. Vidole huona kisichoonwa na macho: uzi uliokatika, fundo, chembe ya mchanga. Kamba iliyochanika isifungwe fundo ikaendelea kutumika, kwa sababu fundo ndilo litakalokwama. Ibadilishwe.

Kitambaa kiwe cha pamba, kisafi, na cha kipimo kinachopita kwa kukaza kidogo tu. Kipande cha shati chenye mshono au kifungo hakifai. Kamba iingie kwa upande wa chemba na kutokea mdomoni, njia ile ile ya risasi, ili uchafu usirudi katika mitambo. Vuta kwa mkupuo mmoja, kwa mstari ulionyooka na mtutu. Ni vyema mwenzako aishike bunduki. Kalashnikov ina ufito wake wa chuma chini ya mtutu, na huo kwa kawaida huingizwa kwa mdomoni. Hapo tumia kifuniko chake cha kuongozea, ufito usijisugue ukingoni.

Kazi ikiisha, mtutu ukapakwa mafuta kidogo, zamu ni ya kamba. Ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, isuuze, kisha uianike kivulini mpaka ikauke kabisa. Kamba ya nailoni isikaribie moto. Kamba nene za siku hizi, zilizofumwa pamoja na burashi ndani yake, hushika uchafu mwingi, kwa hiyo zinahitaji kuoshwa mara kwa mara zaidi. Burashi ioshwe, ikung'utwe, na ikilala nyuzi zake itupwe. Kipande cha shaba kifutwe. Kisha izungushe kamba katika vidole bila kuipinda kwa nguvu, uiweke katika kikopo kikavu chenye kifuniko. Kitambaa chenye maji kisifungiwe humo hata kwa usiku mmoja. Na kabla ya kwenda kupiga risasi, futa mafuta yote ndani ya mtutu.

WAJIBU WA VIONGOZI

Haifai kumlaumu kurutu aliyepewa bunduki bila kamba, au aliyepewa kamba iliyokwisha kuchakaa mikononi mwa watu watano. Kiongozi wa kikosi, anapokagua bunduki, na akague na vya kuisafishia. Asitosheke kuchungulia mtutu unaong'aa. Aseme, "Nionyeshe kamba yako." Jibu atakaloliona litamweleza hali ya bunduki ile itakavyokuwa baada ya mwezi mmoja. Kamba mpya ni mita chache za uzi, na mtutu mpya hununuliwa kwa fedha za wananchi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ukuta huu hujengwa kwa jasho la mkulima wa kahawa.

Shime basi, ndugu askari wa Gitega na wa Muyinga. Mvua itanyesha na vumbi litapanda, na wewe huwezi kuzuia lolote kati ya hayo. Lakini kikopo kiko mkononi mwako. Kifungue kabla ya zamu yako ijayo, uipitishe kamba vidoleni, na kama imechanika, usiichukue zamu bila kudai nyingine.